Wa Kwangu Kwanza

Enzi zile, gari la matangazo la idara ya afya likiingia mtaani kwetu, watoto wote waliingia mitini. Mimi sikuwa na pa kukimbilia, maana mwenye sindano alikuwa mama yangu mzazi.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Afya. Alifunua mapipa ya maji ya watu, akachungulia vyoo vyao, na bado walimpenda. Siku ya chanjo aliweka meza uani kwa fundi cherehani, akachemsha sindano, harufu ya spiriti ikajaa kote. Wazazi walisimama mbali wamekumbatia watoto wao. Ndipo aliposema, "Wa kwangu kwanza," akanivuta.

"Usilie, wanakutazama," alininong'oneza.

Sikulia. Ningelia, watu wangetawanyika, na surua haikuwa na mzaha. Akishanichoma aliita, "Anayefuata," bila hata kunitupia jicho. Hilo liliniuma kuliko sindano. Nilikua nikiamini kwamba kwake mimi ni chombo cha kazi, kama lile sufuria la kuchemshia sindano. Hata hivyo siku hizo nazikumbuka kwa hamu, na harufu ya spiriti mpaka leo hunirudisha utotoni.

Mwezi uliopita idara ilitangaza chanjo ya wazee. Homa ya mapafu ilikuwa imeshachukua wawili mtaani. Nilipomfikisha mama zahanati, wenzake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na hakuna aliyesogea kwa nesi.

"Tunamngoja Bibi Afya," alisema Mama Mapacha, jirani yetu wa tangu zamani. "Katuchanjia watoto wetu. Leo na yeye tumwone."

Mama hakuinuka. Mara kasahau miwani, mara kaacha maharage jikoni. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi.

"Mama, unaogopa sindano?"

"Tangu nizaliwe."

"Mganga hajigangi," akachokoza fundi cherehani, mzee sasa, na benchi zima likacheka. Mama naye alicheka, lakini macho yalikuwa mlangoni. Angetoka, wote wale wangemfuata.

Nikainama sikioni kwake. "Usilie, wanakutazama."

Akanigeukia. "Kumbe unakumbuka."

"Nakumbuka. Wewe tu ndiye hukuwa ukinitazama."

"Ningekutazama, mwanangu, mkono ungetetemeka. Wa pili ningemchomaje? Nilikuwa nakutazama usiku, ukishalala. Nakaa nakupapasa bega."

Akainuka, akaenda kukaa kwa nesi, akakunja mkono wa gauni. Alifumba macho, akanibana vidole mpaka vikauma. Nilimtazama tangu sindano ilipoingia hadi ilipotoka, na machozi yakanitoka mimi, mtu mzima, mbele ya mtaa mzima.

Alipofumbua macho, Mama Mapacha alikuwa ameshasimama, mkono wa gauni juu.

"Anayefuata," akaita mama, na safari hii alikuwa ananitazama mimi.