Aliyemwita Nesi

Tangu asubuhi mchomeleaji alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha dharura, mama yake kamwegemea begani, anahema kama mvukuto. Kila nesi aliyepita, yeye alimwambia, "Asante, sista," ilhali hajapewa hata kitu cha kushukuru.

Adhuhuri akaingia mdogo wake, meneja wa benki, tai shingoni, viatu vinang'aa. Hakusalimia mtu.

"Nani mkubwa hapa? Mama mgonjwa anaozea kwenye benchi? Nipeni namba ya mganga mkuu, nimpigie sasa hivi!"

Kufumba na kufumbua, mama kapata kitanda, daktari na dripu.

"Kitindamimba wangu," mama akasema, kamng'ang'ania mkono. "Bila wewe ningezikwa leo."

Mchomeleaji alisimama miguuni pa kitanda kama mwavuli uliosahauliwa. Wivu ulimpanda. Nani alimbeba Mama mgongoni mpaka barabarani? Shati la nani lililowa matapishi? Na sifa zote kachukua mwenye tai!

"Kaka, narudi kazini," mdogo akasema. "Wakizubaa, piga kelele."

"Wewe ukipiga kelele wanaleta daktari. Mimi nikipiga wataleta mlinzi."

"Umewahi kujaribu?"

Akaondoka. Mama akasinzia. Baadaye dripu ikaisha, damu ikaanza kupanda kwenye mpira. Mchomeleaji akaenda mezani kwa nesi.

"Samahani, sista..."

"Subiri, fundi."

Akasubiri. Damu ikazidi kupanda. Akamfikiria mdogo wake, jinsi ambavyo asingesubiri hata kidogo, moyo ukamchemka.

"Sisubiri!" Sauti yake ikagonga dari. "Dripu imekwisha, damu inarudi! Mpaka nivae tai ndipo mniinukie?"

Nesi akaja mbio, akabadilisha chupa. Mama, macho kayafumba, akatabasamu.

"Kitindamimba wangu karudi."

"Ni mimi, Mama!"

"Wewe? Wewe huna kelele."

Ikamchoma kuliko cheche zote za karakana. "Sista, nakuomba, mwambie nani kakuita."

Nesi akacheka. "Ni huyu fundi wako, mama. Kanitia kiwewe!"

Mama akafumbua jicho moja, akamkazia.

"Kumbe mdomo unao," akasema. "Sasa tangu asubuhi ulikuwa unamtunzia nani?"