Marehemu Mama wa Sosthenes

Tumpe, jirani yangu wa kibanda pale sokoni Mwanjelwa, ndiye aliyeniletea kile kitabu. "Yudith, soma hiki, utalia. Kipo kwenye ile orodha ya vitabu vya watu waliopigwa na maisha wakainuka. Kisa cha kweli kabisa!"

Nikatazama jalada. Sosthenes, kaka yangu wa tumbo moja, kashika tama ndani ya suti ya bluu.

Nikasoma. Ukurasa wa tisa mama anakufa kwa njaa, Sosthenes ana miaka sita, anabaki duniani yeye na mbwa wake. Mbwa! Kwetu mbwa tulimfuga lini? Mimi dada yake simo hata kwa bahati mbaya. Na mama yetu, Roza, aliyeuza ulanzi miaka kumi na minne ili huyo bwana asome, yupo zake Iringa, jirani na Tosamaganga, analima viazi, mzima wa afya.

Nilimpigia simu mama. Akauliza, "Kwani kuuza pombe ni aibu kuliko kufa?" Akasema atakwenda kwenye uzinduzi wa kitabu, pale pale Iringa mjini. Hakutaka hela wala kupigiwa magoti. Alitaka mwanawe aseme tu mbele za watu: mama yangu ni huyu.

Basi nikafunga kibanda, nikapanda basi hadi Iringa. Tukaketi safu ya nne, mama na kitenge chake cha Pasaka. Ukumbi umefurika walimu, watawa na wauza mbao, kila mtu leso mkononi. Mshereheshaji akanguruma, "Wapendwa, tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu mama wa mwandishi wetu!"

Watu wakasimama. Na mama akasimama. Jamani, nilimwona mama yangu akiinamisha kichwa kujiombea! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia kwa hasira.

Sosthenes alipoinua uso, akamwona. Jasho likamtoka. Haya, sema, nikawaza, sema sasa hivi.

"Leo tunaye pia bibi huyu," akasema kwenye kipaza sauti, "jirani mwema aliyewahi kunipa kikombe cha uji."

Wakapiga makofi! Wengine wakafuta machozi, eti kwa ajili ya uji.

Watu walipokaa, mama hakukaa. "Kamwene," akasalimia ukumbi kwa Kihehe, wakamwitikia. Kisha akamgeukia kaka yangu. "Sosthenes mwanangu, kama nilikufa, msiba wangu ulikuwa wapi? Nani alikuja kulala? Matanga mlianua lini? Mbona mimi sikuona hata sufuria la makande?"

Mshereheshaji alikuwa anasoma upya karatasi yake kama mtihani.

"Mama..." Sosthenes akaanza.

Mama alikuwa ameshaokota mkoba wake. "Siku nikifa kweli, usihangaike kuja," akamwambia. "Wewe umeshazika."