Korido ya Kutokea Tu

Ijumaa ya mwisho ya Machi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Hisae Morikubo alivua viatu mlangoni mwa maabara yao pale Kyoto, akavaa ndara, akaweka mezani boksi la keki za maharage matamu. Anayeondolewa kazini ndiye huwanunulia wanaobaki. Ndiyo desturi, ufanyeje?

Karibu miaka kumi alikuwa akipoza kipande cha metali chembamba kuliko ganda la kitunguu, mpaka kikaacha kabisa kuupinga umeme, ila kwa upande mmoja tu. Kuelekea kushoto umeme uliteleza tu; kuelekea kulia ulikwama. Ukigeuza sumaku iliyo kando yake, njia nayo inageuka. Angetimiza miaka kumi angekuwa na haki ya ajira ya kudumu, kwa hiyo mkataba wake ulikatwa siku moja kabla.

Tangu Januari korido nayo ilishika tabia hiyo. Watu wa mikataba ya muda waliteleza kutoka bila kuinua mguu. Kuingia, Hisae alitumia dakika arobaini kwa hatua thelathini, jasho likimchuruzika. Profesa Kuwabara, mkuu wa maabara na mwalimu wake, aliteleza kuingia, na kutoka hakuwa na haraka. Ofisi ilibandika tangazo: watu wa mikataba wawahi.

Saa sita mchana, roho ikimuuma, Hisae akageuza sumaku. Akajaribu kutoka, korido ikamkatalia. Akakaa chini akalia kwa furaha. Sasa hakuna wa kumtoa.

Profesa alirudi kutoka kula tambi, akakwama mlangoni.

“Bi Morikubo! Umegusa sumaku?”

“Nimegusa, Profesa. Nina miaka arobaini na sita. Nani atanichukua mimi?”

“Najua. Pole sana, dada yangu, kweli tena. Lakini wageni wa wizara wanafika saa saba, nami nimesimama hapa na soksi. Utaniaibisha?”

Barua ya kufukuzwa aliweza kuipinga. Kumsimamisha mwalimu wake mlangoni, jamani, hilo lilimshinda. Akaomba radhi, akairudisha sumaku.

Profesa akateleza ndani, akamshukuru kwa keki. Hisae alikuwa bado ameinama kumwitikia alipoteleza kinyumenyume hadi barabarani, na ndara zake miguuni.

Jumatatu, ingawa hakuwa na kazi tena, alifika saa kumi na moja alfajiri kujaribu kuingia. Hadi jioni alikuwa kwenye hatua ya tatu, kucha zimekwaruza ukuta. Wenzake wa mikataba walimpita wakiteleza kwenda nyumbani, kila mmoja akiinamisha kichwa.

“Pole na kazi, dada Hisae.”

“Asanteni,” akajibu. “Nanyi poleni.”