Mji wa Kona Zilizovuka Lango

Nasinzia kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, nikisubiri zamu ya kutetea kwa Kiswahili andiko la hisabati ambalo msimamizi wangu, Bwana Mkwizu, anasema halisemeki kwa Kiswahili, na benchi linaniachia, napita katikati ya mbao zake, natua kwenye mji wa barabara zisizoisha. Mtu asiye na uso ananipokea. Ananionyesha lango, na nyuma yake uwanja mtupu kama kioo kisicho na wa kujitazama. Kazi yangu ni kuuvusha mji mzima: safari zikiunganishwa huku ziunganike vivyo hivyo kule, na barabara zinazokutana kimraba huku, kama kuta za chumba, zikutane kimraba kule. Kona moja ikipinda nimeshindwa, mji ni wake yule mtu. Nauliza kuhusu urefu. Urefu hauna mlinzi hapa, anasema. Linda kona.

Nashika kamba kama mafundi wa kwetu, tatu upande huu, nne upande ule, navuta kukatisha nipate tano, ndipo kona iwe mraba, na kamba inajikunja kufuata mitaa, inanipa saba. Navuta tena, saba. Mwanamke asiye na uso anacheka dirishani, anasema, dada, hapa hatukatishi viwanja vya watu, hapa tunazunguka. Yule mtu anasogea. Kitendawili. Tega, najibu. Niko mbali na kwetu, naifuata njia mbele, naifuata nyuma, kote huko sisogei karibu na kwetu hata unyayo. Mwanamke anamwambia, mwache, atoe mji tu, mbona amekwama. Natupa kamba. Najibu, hiyo ni njia iliyo mraba na safari yako kutoka kwenu, na kona ya hapa haitaki kamba, inataka kujua nyumbani ni wapi. Kicheko kinakatika. Kwa kipimo hicho navusha uchochoro, soko, barabara kuu, na kule ng'ambo kila kona inasimama mahali pake, sigusi urefu hata mmoja.

Sasa natega mimi. Kitendawili. Tega, anasema. Nimelinda kona peke yake, urefu umefanyaje? Anautazama mji kwa uso usiokuwepo, anazunguka, anarudi, anasema polepole, nakupa mji. Naupokea. Nimeingia mjini, nimekula, nimekunywa, nimeketi na wenye mji, na jibu ni hili: urefu wote umekua kwa kipimo kimoja, uchochoro sawasawa na barabara kuu, hakuna uliopendelewa. Aliyelinda kona amelinda umbo lote. Mwanamke wa dirishani anasema, kumbe inasemeka kwa Kiswahili.

Mlango unafunguliwa, jina langu linaitwa, Tumsifu Mbaga, na mwanga wa chumbani ni mkali mno, sizioni nyuso za walioketi mezani. Sijui kama nimeamka au nimevuka lango lingine. Nasimama wima. Huku au kule, sentensi ya aliyelinda kona ni ileile, nami naianza.