Pembetatu Isiyopakwa

Mgeni akija kwangu Matulo, lazima akute ukuta umekandikwa upya. Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu tangu niolewe: udongo na samadi kwanza, udongo mwekundu juu yake, halafu mistari na miduara ya udongo mweupe wa mtoni. Ukiacha mahali wazi, mgeni atakwenda akisema mama wa boma hili ni mvivu.

Kwa hiyo mnihukumu polepole.

Jumanne hiyo mgeni alikuwa Bhavika, mwenye duka la vitambaa kule Kitale. Angekuja saa nne kuchukua picha aliyoichora mjukuu wangu Mary Ann, aitundike katika duka lake jipya. Mary Ann amechora miaka sita, na hakuna mtu alikuwa amewahi kutaka hata moja. Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Picha yenyewe haikuwa na mtu wala ng'ombe. Mduara mwekundu mkubwa, miraba ya bluu imepangana kama makreti ya soda, mstari wa njano umekata katikati. Na kule chini, kwenye kona, pembetatu tupu! Kitambaa hivi hivi, rangi haikufika. Nikajua, maskini, rangi imemwishia mtoto na anaona haya kusema.

Alipoenda kuoga, nikachovya vidole kwenye karai langu la udongo mweupe. Nikapaziba. Laini kabisa.

"Kukhu!" Ndivyo Mary Ann anavyoniita mimi bibi yake; alikuwa mlangoni, taulo kichwani. "Umefanya nini?"

"Nimekumalizia."

"Ilikuwa imeisha!"

"Imeisha na shimo?"

"Si shimo, Kukhu. Nilipaacha makusudi, jicho lipate pahali pa kupumzika."

"Si ungeliwekea kiti, basi."

Hakucheka. Alikaa chini, macho yamejaa maji. "Bhavika aliiona kwa simu. Alichopenda zaidi ni hapo tu. Ati hapo ndipo alipumua."

Sasa nikaona uzito wake. Alishika kitambaa chenye maji apanguse, nikamdaka mkono.

"Acha! Ukiupangusa udongo ukiwa mbichi utaingia ndani, na hautatoka mpaka nife. Huu sikutia samadi, hauna cha kuushika. Ukikauka utabanduka wenyewe."

"Utakauka saa ngapi?"

Gari likapiga honi langoni.

"Kaa nayo karibu na jiko," nikamwambia. "Mgeni niachie mimi."

Nilimketisha Bhavika nje, nikampa chai, nikampa ndizi. Alipotaka kuinuka nikasema, "Kitendawili!"

"Tega," akajibu. Alizaliwa Kitale, anatujua.

"Nazunguka, sina kona ya kujificha."

"Mduara. Kukhu, picha iko wapi?"

"Ngoja. Tuko watatu, mmoja akitoka tumeharibikiwa wote."

"Pembetatu."

Chai ikanimwagikia mkononi. "Ni mafiga! Nani ametaja pembetatu hapa?"

Akanitazama sana. "Kukhu, mbona vidole vyako ni vyeupe?"

Nikavificha ndani ya leso. Nikakosa kitendawili kingine, mimi, na mgeni akainuka.

Tulipoingia, Mary Ann alikuwa anagonga picha kwa nyuma, taratibu kama anayepepeta mtama, na udongo unaanguka vipande vipande. Pembetatu ilikuwa imerudi, ila katika pembe moja ulibaki ukungu mweupe, mwembamba.

Mimi ningenyamaza. Mary Ann akasema yote.

"Kama hutaki sasa, nitakuchorea nyingine," akamalizia.

Bhavika alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama pembetatu, huku kuku nje wakigombania ganda la ndizi.

"Nilikuja hapa nikiogopa kwamba kwenye simu ilinidanganya," akasema. "Haikunidanganya. Bado napumua. Naichukua." Kisha akanigeukia. "Lakini siku ya kuitundika, Kukhu, wewe utasimama ng'ambo ya barabara."

"Na kiti mtanipa?"

"Viwili, bana!"

Hapo Mary Ann akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulibeba picha kwenda garini, mimi nimeshika upande huu, yeye upande ule, na macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu hata hatua moja.