Mitandio Saba ya Brussels

Jumanne ile asubuhi, shule zimefungwa, Asmahan alikuwa amesimama jikoni kwao, Washwood Heath, mjini Birmingham, anapiga pasi mitandio saba ya shangazi yake Jokha. Ilikuwa bado inanuka basi.

Mitandio saba kwa safari ya siku moja. Waliondoka Birmingham Ijumaa usiku kwa basi la watalii la bei poa, wakavuka bahari kwa meli, wakafika Brussels saa tano asubuhi, na saa kumi na moja jioni dereva keshawasha injini kurudi. Ndani ya hayo masaa sita Jokha alibadilisha mtandio mara saba: ubavuni mwa kanisa, nyuma ya duka la chokoleti, mara moja kwenye choo cha kulipia. Kila mtandio siku yake. Mwekundu Jumamosi, wa maua Jumapili, mweupe Jumatatu, na kuendelea mpaka wiki iishe. Mpiga picha Asmahan. Mbeba mfuko wa mitandio, Asmahan huyo huyo.

Basi kule Zanzibar, kwenye grupu la familia, Jokha alikuwa Ulaya wiki nzima. Huku Birmingham alikuwa anatoka kwenda kazini Tyseley, kwenye ghala la kufunga vipuri, kofia ya koti imemfika puani. Jirani yao Mzee Balbir, Singasinga aliyezaliwa Nairobi, alimwona Jumatatu akinyata kandokando ya ukuta.

"Jokha, mbona unatembea kama mwizi wa kuku?"

"Koo linaniuma, Mzee."

"Koo si macho, mama. Toa hiyo kofia utagonga gari ya watu."

Akirudi kutoka kazini anajifungia bafuni kutuma sauti, kwa sababu vigae vinavuma, unasikika kama uko hotelini. "Jamani, baridi ya huku ndo baridi hasa, si ile yetu ya Birmingham. Na chakula, yarabi, watu wa huku wanajua kula." Anayasema hayo amekaa juu ya kifuniko cha choo, na soksi za kazini, na tumboni ana maharage ya kopo.

Asmahan alikuwa na miaka kumi na tano na maneno machache. Shuleni walimu walikuwa wanasahau kama yupo. Kiswahili chake chote kilitoka kwa Bibi, mama yake Jokha, ambaye kila siku alikuwa anamtumia sauti, na Asmahan anajibu pole pole, anakosea, Bibi anacheka, anamrekebisha. Bibi kuandika hajui. Akifurahi anatuma ua moja jekundu, basi. Agosti Asmahan alikuwa aende kwake Zanzibar kwa mara ya kwanza. Godoro limeshanunuliwa, chandarua kimeshatundikwa, Bibi kampigia picha vyote viwili. Lakini wiki hii Jokha alikuwa kampiga marufuku kutuma sauti. Gari la aiskrimu likipita na ule muziki wake, Bibi atajua hawako Ubelgiji.

Alikuwa kwenye mtandio wa nne, wa zambarau, simu ikalia mezani. Jokha karusha picha ya Jumanne. "Chakula cha mchana, Brussels, siku ya nne. Alhamdulillahi."

Asmahan hakuhitaji kuitazama. Kaipiga mwenyewe. Kulikuwa na mkahawa wenye viti nje, uwanjani, na meza moja watu wake walikuwa wameshaondoka, sahani hazijatolewa. Jokha aliteleza kwenye kile kiti kikiwa bado cha moto, akajivutia sahani, akashika uma wa mtu asiyemjua, akainua kidevu. "Upesi, kabla hajaja yule mhudumu. Na ule mnara wa nyuma utokee." Alihangaikia mnara, alihangaikia kidevu. Kilichomo kwenye sahani hakukiangalia. Asmahan alikiangalia. Alifungua mdomo, akaona haya, akaufunga, akabonyeza.

Wa kwanza kuivuta picha ile hadi ikawa kubwa alikuwa ami Mwadini, mdogo wake Jokha, mtu asiye na kazi nyingi. Aliirudisha kwenye grupu imezungushiwa duara.

"Dada, hii nyama ya rangi ya waridi nyama gani? Na hiyo nyekundu ndani ya glasi ni soda ya Vimto?"

Grupu lina watu ishirini na tatu, na siku zote lina makelele ya harusi. Safari hii ikaingia sauti moja tu, ya Bibi, fupi.

"Jokha. Hiyo sahani ya nani?"

Jokha, siku hiyo hana zamu, alikuwa mezani na chai yake. Aliiangalia picha sasa, kwa mara ya kwanza, kwa macho mawili. Vile vipande vya nguruwe vilikuwa vimekunjwa vizuri kama leso, na mvinyo umebaki nusu glasi. Aliinuka, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Mlango ule ni mwembamba. Asmahan alisikia yote, pasi iko mkononi.

"Mama, sahani si yangu. Ni ya Asmahan. Mie nilikwenda kunawa mikono, narudi nakuta keshaagiza. Nikamwondoa pale, nikakaa mimi, ndo picha ikapigwa. Nimemkanya, hasikii. Watoto wa kuzaliwa huku ndo walivyo, Mama, unajua tena."

Alipotoka alikuwa ameshanawa uso.

"Shangazi," Asmahan alisema, "that's not true."

"Sema Kiswahili."

"Si kweli. Bibi ataamini nimekula."

"Ataamini wiki mbili. Wewe mtoto, mtoto anasamehewa. Mie nikisemwa leo, nitasemwa mpaka siku ya kuzikwa, na Mwadini ndo atakuwa anaongoza." Alijimiminia chai nyingine. "Na kwani wewe uliyepiga picha hukuona? Ungeniambia, ningesogeza sahani."

Asmahan akarudisha pasi kwenye mtandio. Jokha akachukulia kwamba kesi imekwisha, akachovya andazi.

Haikuchukua hata robo saa. Bibi alituma sauti nyingine, kwenye grupu, watu wote ishirini na tatu wasikie.

"Basi Asmahan mwaka huu asije. Kwangu hapa ni nyumba ya kusali. Lile godoro atalalia mtoto wa Mwadini. Mwakani tutaona, Mungu akipenda."

"Umeona?" Jokha alisema. "Mwakani. Si mbali."

Asmahan alizima pasi. Alipanda chumbani, akakaa chini, mgongo kwenye kitanda, akafungua picha za simu yake. Kulikuwa na moja hakuna aliyemtuma aipige. Shangazi Jokha kwenye ngazi za kanisa, kopo la siagi mapajani, ndani chapati na maharage kutoka jikoni kwao, shavu limejaa, mtandio wa zambarau unatoka na wa kijani unaingia, na njiwa mmoja anamkodolea macho akingoja makombo. Huo ndo mlo wake wa Brussels.

Angeweza kuitia kwenye grupu. Kidole kilikuwa tayari. Mwadini angeifanyia sherehe. Lakini Asmahan hajawahi kuandika neno kwenye lile grupu, hata pole ya msiba. Akamtumia Bibi peke yake. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti, na chini barabarani lile gari la aiskrimu lilikuwa linapita. Aliliacha lilie.

"Shikamoo, Bibi. Ile sahani haikuwa yangu, wala haikuwa ya shangazi. Ilikuwa ya watu walioondoka. Sisi tulikula chapati, utaona kwenye picha. Na hatuko Brussels. Tulienda siku moja tu. Tuko nyumbani. Ile nyama niliiona, nikanyamaza, hilo kosa langu. Lakini sijala, Bibi. Nataka kuja."

Alama mbili zikageuka buluu kabla ya adhuhuri. Bibi kaiona picha, kasikiliza sauti. Asmahan alingoja. Mchana ukapita, jioni ikapita, akalala na simu mkononi.

Jumatano asubuhi Jokha alirusha picha ya mtandio wa kijani. "Brussels, siku ya tano. Leo tunapumzika hotelini." Alikuwa anavaa viatu vya kazini huku anaandika.

Baada ya dakika tatu, chini ya picha ile, mbele ya watu wote ishirini na tatu, Bibi akaweka ua moja jekundu.

Asmahan alirudi kwenye ujumbe wake. Alama mbili za buluu, picha ya kopo la siagi, sauti ya sekunde arobaini. Chini yake hakuna kitu.