Wendell Agoma Kuangalia Fainali

Wendell Crabtree hakuwa na ugomvi na mpira wa Marekani. Ugomvi wake ulikuwa na fainali ya ligi. Timu yake, Kakakuona wa Chuo cha Pickard, ilikuwa imecheza mechi kumi na mbili na kushinda zote, na mwezi wa Oktoba iliwatandika Bata Mzinga wa Dunmore pointi thelathini na moja kwa kumi. Sasa, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, ikaambiwa ikutane na Bata Mzinga hao hao, eti ndipo bingwa ajulikane.

"Mwanamume akishaoa," aliwaambia wenzake asubuhi ile mgahawani, "harudishwi kanisani miezi miwili baadaye kumshindania mkewe. Mimi siangalii. Televisheni nimeshaichomoa."

Mkewe, Earlene, aliyekuwa akiyasikia hayo tangu Jumatatu, akamwambia basi apande juu akazoe majani makavu kwenye mfereji wa paa. Wendell akakubali upesi mno.

Paa lile lilitazamana na sebule ya jirani yao, Odell Pruitt, fundi bomba mstaafu na shabiki wa Dunmore kindakindaki, ambaye televisheni yake ilikuwa na upana wa mlango wa ghala. Robo ya kwanza ilipokwisha, Wendell alikuwa amezoa konzi tatu za majani. Robo ya pili alikaa kitako. Robo ya tatu alilala kifudifudi, kidevu juu ya mfereji, na katika kujinyoosha mkono wake ukaisukuma ngazi, ikaanguka kwenye maua ya Earlene. Hakugeuka hata kuitazama.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Pickard wakiongoza kwa pointi mbili, Odell aliinuka kwenda dirishani. Wazee wawili wakatazamana. Odell akavuta pazia.

"Odell," Wendell aliita. "Odell, bwana, unanizibia mwanga. Nasafisha mfereji."

Dirisha likafunguka kidogo. "Mchana wote huu, jirani, unatafuta mwanga gani?"

"Huo wa ndani kwako."

"Si umegoma wewe?"

"Nimegoma. Macho ndiyo yamekataa kugoma."

"Basi sema fainali ni kitu kizuri."

Chini, Earlene alikuwa amesimama kando ya maua yake, mikono kiunoni. "Sema, mzee," alimhimiza, "na sisi tupumzike."

"Fainali," Wendell alitamka polepole, kama mtu anayetolewa mwiba, "si mbaya sana."

Kwa sifa nusu, Odell akamfungulia pazia nusu. Wendell akamwona mpigaji wa Dunmore akirudi nyuma, akikimbia, akiinua mguu kupiga mpira wa pointi tatu. Nguzo zenyewe, ambazo mpira ulitakiwa kupita katikati yake, zilikuwa upande uliofichwa. Matokeo aliyajua kwa kumwona Odell akiruka na sahani ya mabawa ya kuku ikipaa hadi darini. Dunmore walikuwa wameshinda kwa pointi moja.

Odell aliisimamisha ngazi na kupanda mwenyewe, maana furaha yake ilitaka msikilizaji. Kejeli alikuwa ameziandaa wiki nzima. Juu alimkuta Wendell amelala chali, akitabasamu.

"Mmefungwa," Odell alianza.

"Tumefungwa." Kifua kilimuuma kwelikweli, na angekuwa peke yake angelia. "Na nilisema. Wiki nzima nimesema mechi hii ni upuuzi. Sasa kila mtu kaona."

Kejeli zote za Odell zikakosa wa kumchoma. Odell akaketi juu ya vigae kando ya mwenzake, akapangusa mchuzi wa kuku kwenye shati.

"Kwa hiyo hata mwakani huangalii?"

"Katu."

"Nauliza kwa sababu nafikiria kuihamisha ile televisheni."

Wendell akalikazia macho dirisha la jirani kwa muda, akipima.

"Isogeze kushoto kidogo," akasema. "Pale ulipoiweka inanipinda shingo."